Ini la Kupandikizwa na Vidonge vya Mchana wa Ramadhani

Mama mmoja alitujia baada ya darsa, hapa Eldoret, akatuuliza: nduguye aliyepandikizwa ini huko India amepata nafuu, je, anaweza kuacha vidonge ili afunge? Katika mji huu Hospitali ya Rufaa ya Moi hupandikiza figo. Wenye haja ya ini husafiri mbali, nao hurejea na dawa za maisha.

Ni vyema tufahamu dawa hizo hufanya nini. Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T hupata mafunzo yao tangu utotoni, mfano wa watoto chuoni, katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Hapo hujifunza kupambanua kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Ini la mtu mwingine, hata la mzazi, kwao ni geni. Hushambulia mirija ya nyongo na mishipa ya damu iliyo ndani yake. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote hapo mwanzo, na ni kipimo cha damu tu kinachofichua. Macho yakigeuka manjano, huwa madhara yamekwisha kuenea. Dawa nazo zikizidi, chembe hizo hulegea, kifua kikuu kikapata mwanya.

Dawa nyingi za aina hii humezwa kila saa 12, na saumu yetu hapa hupita saa 13. Ruhusa ya mgonjwa i wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184. Wako ambao daktari huwabadilishia dawa ya mara moja kwa siku, lakini hilo si la kujiamulia.

Tulipodadisi, mama yule akakiri kuwa nduguye ameacha vidonge tangu juzi. Tulimsihi ampeleke kliniki saa ile ile, asingoje futari.