Ufaransa: Wawindaji wanapofyatua risasi karibu na nyumba, sheria inasema nini?

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, wawindaji wa Ufaransa huingia misituni na mashambani wakiwa na bunduki na mbwa wao. Kwa familia zinazoishi kando ya misitu hiyo, msimu huo huja na swali lile lile: mwindaji anaruhusiwa kuikaribia nyumba ya watu kwa kiasi gani? Wengi hujibu bila kusita kwamba ni mita 150. Jibu hilo si sahihi, na anayelitegemea mara nyingi hurudi kutoka ofisini bila msaada wowote.

Kwa msikilizaji aliyetoka Afrika Mashariki, hali hii yaweza kuonekana ya ajabu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania inauruhusu uwindaji wa kitalii, lakini hufanyika katika mapori ya akiba na vitalu maalumu. Nchini Ufaransa, mwindaji ni jirani: ni mkulima, fundi au mstaafu wa kijiji hicho hicho, naye huwinda siku za mapumziko kwenye mashamba yaliyo nyuma ya nyumba. Na kwa mtu aliyekimbia vita Kongo au Burundi, mlio wa bunduki alfajiri ya Jumapili si kelele tu.

Kifo kilichobadili mjadala

Tarehe 2 Desemba 2020, katika kijiji cha Calvignac, mkoa wa Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa, kijana wa miaka 25 alipigwa risasi na kufa alipokuwa akikata kuni karibu na nyumbani kwake. Mwindaji aliyefyatua risasi hiyo alidhani anamwona nguruwe mwitu.

Marafiki wa marehemu waliunda kundi la kudai sheria kali zaidi, na ombi lao kwa Baraza la Seneti lilipata saini zaidi ya 100,000. Seneti iliunda tume ya uchunguzi, ambayo mwaka 2022 ilitoa mapendekezo 30 kuhusu usalama wa uwindaji. Januari 2023, mahakama ya Cahors ilimhukumu mwindaji huyo kifungo cha nje cha miaka miwili na kumzuia kuwinda maisha yake yote. Kiongozi wa msafara huo wa uwindaji naye alihukumiwa.

Ajali zimepungua sana katika miaka ishirini iliyopita, na wengi wanaoumia ni wawindaji wenyewe. Hata hivyo, katika msimu wa 2021–2022 kulikuwa na ajali 90 zilizosababisha vifo vya watu wanane, na wawili kati yao hawakuwa wawindaji. Risasi zinazotoboa ukuta, dirisha au gari bila kumjeruhi mtu huhesabiwa kando, kama matukio na si ajali.

Mita 150 zilitoka wapi?

Sheria ya mwaka 1964, iitwayo Verdeille kwa jina la seneta aliyeipendekeza, iliruhusu kuundwa kwa vyama vya uwindaji vya vijiji. Vyama hivyo hukusanya ardhi ndogo ndogo za wakazi na kuzifanya eneo moja la kuwinda. Sheria hiyo iliweka mipaka: ardhi iliyo ndani ya mita 150 kuzunguka nyumba ya kuishi haiingizwi katika eneo la chama.

Hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Mita 150 zinahusu haki ya chama juu ya ardhi, wala si umbali wa kufyatua risasi. Mwenye ardhi iliyo ndani ya mita hizo anaweza kuwinda hapo mwenyewe, au kumpa mwindaji ruhusa. Aidha, si kila kijiji cha Ufaransa kina chama cha namna hiyo. Pasipo na chama, haki ya kuwinda ni ya mwenye ardhi, na mpaka wa mita 150 hauna maana.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayempigia simu polisi na kusema, “Wako mita mia moja kutoka hapa,” anaweza kujibiwa kwamba hakuna kosa lililotendeka, na jibu hilo likawa sahihi kisheria.

Mwelekeo ni muhimu kuliko umbali

Hata kama mita 150 zingekuwa sheria ya kufyatua, zisingetosha. Risasi ya bunduki ya kuwindia nguruwe mwitu yaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu isipokutana na kizuizi. Marisau, yaani chembe ndogo za risasi zinazotumika kuwinda ndege na sungura, huishia umbali wa mita mia chache.

Ndiyo sababu wawindaji hufundishwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kufyatua kwa kuelekeza chini, ili risasi izame ardhini mara baada ya kumpata au kumkosa mnyama. Ya pili ni kuacha pembe ya nyuzi 30 kila upande wa nyumba, barabara au mwindaji mwenzake, na kutofyatua kamwe ndani ya pembe hiyo. Mwindaji aliye mita 400 akielekeza bunduki upande wa nyumba ni hatari kuliko aliye mita 80 akiwa ameipa nyumba mgongo.

Anayeweka kanuni ni nani?

Sheria ya taifa haitaji umbali mmoja wa kufyatua risasi karibu na nyumba kwa nchi nzima. Mwaka 1982 serikali iliwatumia wakuu wa mikoa, ambao Wafaransa huwaita préfet, waraka wa kuwaelekeza wapige marufuku kufyatua risasi kuelekea nyumba, barabara na reli. Waraka wenyewe haumfungi mwindaji. Kinachomfunga ni amri inayotolewa na mkuu wa mkoa wake, pamoja na mpango wa uwindaji wa mkoa, ambao una sehemu ya usalama na ambao kila mwindaji wa mkoa huo analazimika kuufuata. Meya naye, kwa kuwa ndiye msimamizi wa usalama wa kijiji, anaweza kuzuia uwindaji mahali penye hatari ya wazi.

Tofauti hii ina uzito mahakamani. Sheria ya jinai ya Ufaransa inamwadhibu anayehatarisha maisha ya mwenzake kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya euro 15,000, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Lakini lazima ithibitishwe kwamba mshtakiwa alivunja kwa makusudi wajibu maalumu wa usalama uliowekwa na sheria au kanuni. Hofu ya familia, hata iwe ya haki namna gani, haitoshi. Panahitajika kanuni iliyoandikwa, na ushahidi kwamba ilivunjwa.

Familia inaweza kufanya nini?

Hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya amri ya mkuu wa mkoa na ya mpango wa uwindaji wa mkoa. Hati hizo ni za umma, na mara nyingi hupatikana kwenye tovuti ya ofisi ya mkoa au kwa meya. Humo ndimo mwenye nyumba atajua ni kanuni ipi hasa inayomlinda.

Pili, risasi zinapofyatuliwa kuelekea nyumba, wote waingie ndani na kukaa mbali na madirisha, kisha wapige simu namba 17. Vijijini, wanaofika ni polisi waitwao gendarmerie. Si busara kumwendea mtu mwenye bunduki kwa hasira, wala kumpokonya silaha au kumfukuza mbwa wake.

Tatu, ushahidi utunzwe. Ziandikwe tarehe, saa, idadi ya milio, mahali aliposimama mwindaji na upande alioelekeza bunduki. Tundu ukutani lipigwe picha kabla ya kuzibwa, na risasi au ganda lake liachwe lilipoangukia hadi polisi wafike. Malalamiko rasmi yanaweza kuandikishwa polisi au kupelekwa kwa barua kwa mwendesha mashtaka. Taarifa pia yaweza kutolewa kwa wakaguzi wa ofisi ya taifa ya bayoanuwai, OFB, wenye mamlaka ya kuchunguza makosa ya uwindaji.

Nne, mwenye ardhi anaweza kuiondoa katika eneo la chama cha uwindaji kwa sababu za dhamiri. Haki hiyo ilipatikana baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuihukumu Ufaransa tarehe 29 Aprili 1999, na ikaingizwa katika sheria mwaka 2000. Ina masharti: mwenye ardhi hukatazwa kuwinda hapo yeye mwenyewe, huweka vibao vya kutangaza katazo, na ombi lake husubiri kipindi cha miaka mitano cha chama kimalizike. Mpangaji hana haki hiyo. Itambidi azungumze na mwenye nyumba. Ua usiokatika kuzunguka bustani ya nyumba nao una faida, kwa kuwa kuwinda ndani yake bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha miezi mitatu na faini ya euro 3,750.

Ng’ambo ya mpaka, Italia

Italia ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1992 inakataza kuwinda ndani ya mita 100 kutoka majengo ya kuishi. Inakataza pia kufyatua kuelekea majengo hayo kwa umbali wa chini ya mita 150 kwa bunduki za marisau. Kwa silaha nyingine, umbali huo ni mara moja na nusu ya upeo wa juu wa risasi zake. Hapo mwenye nyumba anaweza kupima kwa hatua na kujua haki yake. Lakini Italia hiyo hiyo humruhusu mwindaji kuingia katika ardhi ya mtu isiyo na ua, jambo ambalo Mfaransa asiye katika chama anaweza kulikataa.

Kilichobadilika, na kinachobaki

Tangu mwaka 2020, wawindaji wa wanyama wakubwa nchini Ufaransa wanaokwenda kwa msafara hulazimika kuvaa vizibao vya rangi ya chungwa ing’aayo na kuweka vibao njiani. Kila mwindaji pia anatakiwa kurudia mafunzo ya usalama kila baada ya miaka kumi. Tangu Septemba 2023, kuwinda ukiwa umelewa waziwazi huadhibiwa kwa faini ya hadi euro 1,500. Pendekezo la kuacha sehemu ya mwisho wa wiki bila uwindaji lilikataliwa na serikali.

Wawindaji nao wana hoja zao. Katika msimu wa 2021–2022 waliua nguruwe mwitu zaidi ya 800,000, wanyama wanaofukua mashamba ya mahindi na kusababisha ajali barabarani. Mashirikisho yao ndiyo huwalipa wakulima fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Vijiji vingi haviwezi kuwakosa, na mameya husita kuwaudhi.

Kwa sababu hiyo, familia nyingi huanza kwa mazungumzo: kumwomba mwenyekiti wa chama cha uwindaji ratiba ya siku za msako, na kumwonyesha mahali watoto wanapochezea. Mazungumzo hayo huwa na nguvu zaidi pale mwenye nyumba anapokwenda na nakala ya amri ya mkuu wa mkoa mkononi.