Deni la hospitali: msikimbilie kuuza shamba

Tunajua namna inavyoanza. Mvua imenyesha usiku kucha, shimo linaanguka ku Rubaya ao mahali pengine mu Masisi. Mchimbaji anatolewa angali anapumua, anabebwa mpaka hospitali, analala huko juma mbili, kisha anakufa. Siku ileile mjane anapokea vitu viwili: habari ya kifo na facture. Anaambiwa: leteni kwanza makuta, kisha mtatwaa maiti. Hapo baba wadogo na mashemeji wanakutana, na neno la kwanza njo hili: tuuze shamba.

Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Deni ni la marehemu, na sheria inaonyesha njia ya kulilipa. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema haki na madeni ya marehemu yanapita kwa warithi wake. Lakini kuna msimamizi wa urithi, ule wanaita liquidateur. Kama hakuna testament, kwa kawaida ni mkubwa kati ya warithi. Yeye anahesabu mali, analipa madeni, kisha anagawa. Watoto wana robo tatu ya urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vyake, na haki ya nusu ya matumizi ya shamba walilolima. Kwa hiyo baba mdogo hawezi kuamka asubuhi na kuuza shamba peke yake, hata kama facture ni kubwa.

Kwa nini mzigo huu unawaangukia wachimbaji zaidi? Mfanyakazi mwenye mkataba, kama wale wa kampuni ya bati ku Bisie, Walikale, anapaswa kuandikishwa CNSS, na akifa juu ya kazi, jamaa yake inaweza kudai malipo ya waliobaki. Creuseur hana mkataba. Analipwa sehemu yake ya mchanga, basi. Hospitali nayo inaishi kwa makuta ya wagonjwa, ndiyo maana inakaza.

Tuangalie kwingine. Ndugu zetu wengi wa Masisi waliopita mu kambi za wakimbizi wako leo Marekani. Huko, maskini anatunzwa na bima ya serikali inayoitwa Medicaid. Tangu 1993, sheria inalazimisha kila jimbo kudai sehemu ya gharama ku mali ya marehemu aliyetunzwa akiwa na miaka 55 ao zaidi, zaidi sana gharama za nyumba za kutunzia wazee. Lakini sheria hiyohiyo inakataza kudai wakati mjane angali hai, ao kama kuna mtoto wa chini ya miaka 21, kipofu ao mlemavu. Tena kila jimbo linapaswa kuwa na njia ya kuomba msamaha kwa warithi watakaoumia sana. Mfano unaotolewa ni shamba: kama njo kitu kimoja tu kinacholisha jamaa, deni linaweza kuachwa.

Kwetu msamaha haupatikani hivyo kwa karatasi moja. Lakini unaombwa, na unapaswa kuombwa mapema, mgonjwa angali kitandani:

– Mwendee chef wa kijiji na service ya Affaires sociales, muombe attestation d'indigence.

– Muulize hospitali kama kuna shirika linalolipia matunzo. Mu Masisi, MSF imesaidia hospitali kuu kwa miaka mingi.

– Muombe facture iliyoandikwa dawa kwa dawa, muisome pamoja na mtu anayejua.

– Muandike barua ya kuomba kupunguziwa ao kulipa kidogo kidogo. Mutie sahihi mbele ya mashahidi, mubaki na kopi.

– Muulize cooperative na PDG wa shimo watatoa nini. Marehemu aliwachimbia.

– Musiache karatasi za shamba ku hospitali kama rehani.

Vita imefunga ofisi nyingi, tunajua. Hata hivyo barua yenye mashahidi wawili ina nguvu kuliko machozi ku mlango wa morgue. Hospitali inaweza kungojea makuta yake miezi sita. Mtoto hawezi kungojea chakula miezi sita, na shamba likishauzwa, halirudi.