Kona ya Jicho Inapotengenezwa Upya

Weka kidole pale jicho linapokutana na pua. Ni padogo, hata sarafu ya shilingi moja haienei, lakini kazi yake si mchezo. Hapo ndipo kope ya juu na ya chini zinaposhikizwa kwenye mfupa, na ndipo machozi yanapopita kwenda puani. Kansa ya ngozi ikiota hapo huweza kujichimbia mpaka nyuma ya jicho.

Adui mkubwa ni jua, hasa kwa wenzetu wenye ualbino, ambao ngozi yao inakosa ile rangi ya kuwakinga. Huku kwetu jua la saa sita mnalijua, na mvuvi wa Muhuru Bay au Mbita hupigwa mara mbili, toka juu na toka majini. Kidonda kinachotoa damu, kikipona kinarudi, ni cha kupelekwa hospitali, si cha kupakwa majani tu.

Daktari hukata uvimbe pamoja na ngozi nzima kidogo ya pembeni, kisha nyama hupimwa kwa darubini. Hapo mimi nasema sura ingoje kwanza! Kufunika shimo na kansa imebaki chini ni kumfungia nyoka ndani ya nyumba.

Shimo dogo huweza kuachwa lijifunge lenyewe. Kubwa lataka kiraka. Sasa, kiraka kilichokatwa kabisa, tuseme nyuma ya sikio, hutegemea damu ya pale kinapopandwa. Mfupa ukiwa wazi, kitanyauka. Mkulima wa viazi vitamu kule Kabondo ataelewa upesi: mmea hutambaa ukatoa mizizi mbali, huku bado unanyonya kwa shina mama. Vivyo hivyo ngozi ya katikati ya nyusi hukatwa pembeni, ikaachiwa shina lenye mishipa ya damu, ikageuzwa hadi kwenye shimo na kushonwa. Shimo likizidi, huteremshwa ngozi ndefu ya paji la uso, na shina lake hukatwa baada ya wiki tatu hivi. Wala si mambo ya juzi. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza jinsi fundi wa Uhindi alivyomtengenezea mtu pua kwa ngozi ya paji.

Kasoro zipo. Ngozi ya paji ni nene kuliko ya kope, basi kona hutuna kidogo, na nyusi hukaribiana kama za mtu aliyekasirika. Njia ya machozi ikiwa imekatwa, jicho hutiririka, na njia mpya kwa kawaida haitengenezwi mpaka daktari aridhike kwamba uvimbe haujarudi.