Sabufa ya gari na masikio ya mtoto

Umenunua IST yako, na fundi redio pale Korogwe anakushawishi ubadilishe spika na kuweka sabufa kwenye buti. Sikukatazi. Spika nzuri milangoni hukuwezesha kusikia maneno vizuri bila kufungulia sana. Lakini kwenye gari dogo, buti iko mgongoni mwa kiti cha nyuma, na hapo ndipo anapokaa mwanao mnapokwenda Handeni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto, desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa, havioti tena.

Huhitaji kipimo. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye pembeni yako akusikie, punguza. Ukifungua madirisha, upepo utakushawishi uongeze, usiongeze.

Mtoto akisema masikio yanavuma, au ukimwita haitiki, mpeleke kituo cha afya, au Magunga kama uko Korogwe. Na tafadhali, usimtie mafuta ya moto sikioni.