Fedha za Maendeleo: Je, Ni Kazi ya Mtoto Wetu?



Vijana waliomaliza shule huko Soweto West na vijiji vingine vya Kibera huuliza: hawa wanaoshughulika na fedha za maendeleo za kimataifa hufanya kazi gani hasa? Tueleze kwa mfano wa Kibera yenyewe.

Mwaka 1984 mradi wa K-Rep ulianza kwa pesa za serikali ya Marekani. Karibu mwaka 1990 ukaleta Kibera mpango wa Juhudi, kwa kufuata mfano wa benki ya Grameen ya Bangladesh. Wanabiashara watano waliungana, wakaitwa "watano". Watano kadhaa wakafanya kikundi kikubwa kilichokutana kila wiki, kuweka akiba na kudhaminiana. Hati ya shamba haikuhitajika, lakini mmoja asipolipa, mzigo uliwaangukia wenzake.

Mwaka 1999 K-Rep ikapata leseni ya benki. Benki ya Maendeleo ya Afrika na IFC, tawi la Benki ya Dunia, zikatia mtaji. Tangu 2016 benki hiyo inaitwa Sidian.

Basi hesabuni kazi zilizomo:

1. Afisa wa mikopo, anayekaa na kikundi.
2. Mhasibu na mkaguzi wa vitabu.
3. Mpimaji, anayechunguza benki kabla wenye mtaji hawajanunua hisa.
4. Mtaalamu wa sarafu. Benki ikikopa dola na ninyi mnalipa shilingi, shilingi ikianguka deni la benki lapanda. Asipopiga hesabu mapema, hasara yaweza kumfikia mama mboga kwa njia ya riba.

Mnaona? Huyo wa nne huenda hajawahi kukanyaga Kibera, na uamuzi wake unafika kibandani. Ndiyo sababu tunataka pia watu waliokulia kwenye vikundi wakae meza hiyo. Wao wanajua kwa nini mtu hulipa wiki hii na kukwama wiki ijayo.

Lakini kujua shida hakutoshi. Kijana akazane na hisabati na Kiingereza, kisha asome uhasibu hadi mitihani ya KASNEB, au ajaribu Chuo Kikuu cha Ushirika kilichoko Karen, si mbali na Kibera.

Mwanzo uko kwenu: mpeni daftari la kikundi, aandike, na kila mkutano asome hesabu mbele ya wote.

Ya kujadili: Mkopo wetu unatoka wapi? Riba yake ni kiasi gani kwa mwaka? Nani kati ya vijana wetu aweza kutueleza?