Vitu vya kuchezea: nani anakusanya jioni?

Saa kumi na mbili jioni, katika nyumba ya chumba kimoja kinachotumika kwa kupika, kula na kulala, vitu vya watoto vinakuwa jambo zito. Mbabula inawaka karibu na mlango. Vizibo vya chupa vimetapakaa njiani, gari la waya liko chini ya meza, na mama anaingia na sufuria ya maji ya moto. Umeme ukikatika dakika hiyo, hakuna anayeona anapokanyaga.

Wazazi wengi tunasema, "Panga vitu vyako!" kisha tunangoja. Mtoto wa miaka 3 anabaki amesimama, nasi tunamwita mkaidi. Mara nyingi si ukaidi. Neno "panga" limebeba kazi nyingi: kutazama vyote, kuamua kipi kiende wapi, kuanza na kimoja, na kuendelea hata kingine kikimvutia. Mtoto wa umri huo hawezi bado kushika yote hayo kichwani kwa pamoja. Hata watu wazima kwenye salongo husimama na majembe mkononi mpaka mtu aonyeshe pa kuanzia! Mwambie, "Okota vizibo, weka katika mkebe huu," naye ataelewa. Vikiisha, mtajie kingine. Wa miaka 2 atafanya ukichuchumaa pamoja naye, wewe ukiweka kimoja, yeye kimoja. Wa miaka 5 unaweza kumwachia fungu zima, ila upite kuangalia. Anayeamriwa kutoka mbali, mama akiwa nje anaosha vyombo, atarudi kucheza tu.

Tena lazima pawepo mahali pa kuviweka, panapofikiwa na mkono wa mtoto. Katoni ya sabuni inatosha, au beseni lililopasuka. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano kabla ya chakula, na umjulishe mapema kwamba mchezo unakaribia kwisha. Wengine huanzisha pambio la Shule ya Jumapili, na kazi inakwisha pamoja na wimbo.

Sasa, wapendwa, vitu vingi vya watoto wetu havikununuliwa dukani. Ni mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba, gari la mkebe wa sardini, chukudu ndogo ya mbao, kitoto cha majani ya mgomba. Machoni pa mtu anayefagia vinafanana na takataka, na vinaishia shimoni. Mtoto aliyekusanya vizuri jana, leo akakuta gari lake limetupwa, ana sababu gani ya kukusanya kesho? Hapo mimi niko upande wa mtoto. Ulizeni kabla ya kutupa. Na katika familia iliyokimbia vita, kimkebe kile huenda ndicho kitu pekee ambacho mtoto anaweza kukiita chake.

Vitisho vya "nitavichoma" na fimbo vinaleta utii wa muda: mtoto anakusanya fimbo ikiwa inaonekana. Katika Waefeso 6:4 Paulo anawaonya akina baba wasiwatie watoto wao hasira, na baba anayeinama kuokota mpira pamoja na mwanawe anafundisha zaidi ya yule anayepiga kelele kutoka kitini. Wala siafiki desturi ya dada wa miaka 7 kukusanya vitu vya kaka yake wa miaka 5 kwa sababu tu yeye ni msichana.

Monita wa Shule ya Jumapili naye ana nafasi yake. Yohana 6 inasimulia kwamba watu waliposhiba, Yesu aliwapa wanafunzi kazi ya kukusanya mabaki, vikapu 12 vikajaa. Watoto waigize habari hiyo kwa kurudisha kalamu na picha kikapuni, badala ya monita kubaki peke yake akiokota.

Kukusanya pamoja kunampa mzazi pia nafasi ya kuona nini kimeingia nyumbani. Kati ya vizibo mnaweza kukuta jiwe la redio linalovuja, au lile dogo la saa, ambalo mtoto akilimeza linaunguza koo. Yaondoeni. Na katika sehemu zetu zilizopita vita, kinaweza kuonekana kitu cha chuma msichokijua. Msikiinue, msikitupe shimoni wala motoni. Watoeni wote nje, zuieni watu kukaribia, na mjulisheni mkuu wa avenyu au wa kijiji ili wenye ujuzi waitwe. Mtoto aliyekileta asipigwe. Akiogopa fimbo, kingine atakachookota atakificha chini ya kitanda.