Kutengeneza Mashua Uliyonunua

Tuseme wewe na wenzako watatu mmechanga fedha. Mmeuza nazi, mmeuza korosho, na kidogo mmekopa. Mnataka mashua ya kuvulia. Mashua mpya ni ghali. Kwa hiyo mmekwenda pwani kutazama mashua kuukuu. Imepakwa rangi ya buluu na nyeupe, na rangi bado inanukia.

Rangi hiyo mpya ndiyo ya kutilia shaka kwanza. Mtu anayeuza ng'ombe mzee hawezi kumpaka rangi. Lakini mashua mbovu hupakwa rangi kwa siku moja tu, na ubovu wote ukafichika chini yake.

Muulize mwenyewe kwa adabu.

"Mzee, mashua hii inavuja?"

"Haivuji, mwanangu. Inatoka jasho kidogo tu."

"Jasho hilo, mzee, ni upo ngapi kwa usiku mmoja?"

Upo ni kile chombo cha kufulia maji yanayoingia mashuani. Mashua zote za mbao huingia maji kidogo. Jambo la kujua ni kiasi gani. Mwuzaji mwaminifu atakutajia hesabu. Asiyetaka kuitaja, mwombe mashua ilale majini usiku mmoja kabla hamjalipa. Asubuhi hesabuni wenyewe.

Tena msimalize fedha zote katika kununua. Maoni yangu ni kwamba theluthi moja ibaki kwa matengenezo. Kwa mfano, mkiwa na shilingi 900,000, tafuteni mashua ya shilingi 600,000. Mashua ya bei kubwa isiyo na fedha ya kuitengeneza itakaa mchangani, na deni litaendelea.

KISU, NYUNDO NA TAA

Siku ya kuikagua mashua, njoo na kisu chembamba, nyundo ndogo na taa.

Ondoa mbao za kukanyagia. Fua maji yote. Shuka mpaka chini kabisa, mahali panapoitwa ngama, ambapo maji machafu hukusanyika. Hapo ndipo penye ukweli wa mashua. Choma mti kwa ncha ya kisu. Choma mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima. Choma mataruma, yaani mbavu za mashua. Choma pale mlingoti unaposimama. Mti mzima hukataa kisu. Mti uliooza hukipokea, kama muhogo uliochemshwa.

Kisha piga nyundo polepole, ubao kwa ubao. Ubao mzima hulia, ko, ko. Ubao mbovu sauti yake ni nzito na haina mlio. Tia alama ya mkaa kila mahali pasipolia.

Usiku weka taa ndani ya mashua, wewe uizunguke kwa nje. Ukiona mstari mwembamba wa mwanga kati ya mbao mbili, usiogope sana. Mashua iliyokaa juani mbao zake hupungua, na ikirudi majini huvimba tena. Lakini mwanga ukipita katikati ya ubao, au kandokando ya msumari, hapo pana kazi.

Ukikuta saruji imemwagwa ndani ya ngama, mimi ningerudi nyumbani. Saruji haiponyi mti. Inaficha uozo, na inashika maji yasikauke. Kiraka cha bati kilichopigiliwa juu ya tundu ni hivyo hivyo. Kwa nje kinapendeza, na nyuma yake ubao unaendelea kuoza.

MAJI YA MVUA NA MAJI YA CHUMVI

Watu wengi hudhani bahari ndiyo inayoozesha mashua. Si hivyo. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu anapenda unyevu wa maji matamu pamoja na hewa. Chumvi humzuia. Ndiyo maana samaki ng'onda haozi upesi. Kwa hiyo mashua huanza kuoza mahali maji ya mvua yanapokaa: chini ya mbao za kukanyagia, na katika pembe za omo na tezi, yaani mbele na nyuma.

Basi wakati wa masika ifunike mashua kwa makuti, lakini acha nafasi hewa ipite. Na ukiiosha, iosha kwa maji ya bahari. Usitumie maji ya kisima. Kama mna mashine ya kusukuma mashua, hiyo ni kinyume. Baada ya safari isafisheni kwa maji matamu, maana chumvi hula chuma.

Bahari nayo ina adui wake. Ni mdudu atoboaye mbao. Kwa kumtazama utasema ni mnyoo, lakini kwa kweli ni ndugu wa chaza. Kichwani ana magamba mawili madogo, na kwa hayo hukwangua mti. Huingia angali mchanga kabisa, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano. Akishaingia hatoki. Hukua humo humo ndani na kuchimba njia, na njia hiyo huweza kufikia unene wa kidole. Ubao kwa nje unaonekana mzima, kumbe ndani ni kama sega la nyuki. Hii ndiyo sababu ya ile nyundo. Wavuvi wa maziwa yetu, kama Viktoria na Tanganyika, hawana adui huyu, kwani huishi katika maji ya chumvi. Wao waogope uozo.

KUIPANDISHA WAKATI WA BAMVUA

Mmenunua. Sasa kazi. Ngojeni bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo katika Dar es Salaam na Unguja maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Ipelekeni mashua juu kabisa maji yanapojaa. Itieni gadi, yaani nguzo za kuiegemeza pande zote mbili, isije ikamlalia mtu. Siku za maji mafu zinafuata, na bahari haitaifikia. Mna karibu wiki moja ya kufanya kazi kabla ya bamvua nyingine. Lakini msichague katikati ya masika, mbao hazitakauka.

Kwanza kwangueni magamba, majani ya bahari na ile rangi nzuri ya mwuzaji. Kisha choma matita ya makuti makavu na kuupitisha moto chini ya mashua upesi upesi. Joto huua wadudu walio karibu na nje, na hukausha mbao. Moto usisimame mahali pamoja. Mashine, petroli, tanga na nyavu ziwe mbali, na mtu mmoja asimame na ndoo ya maji. Siku ya upepo mkali acheni.

Sasa fuateni zile alama za mkaa. Ubao uliooza usikatwe pale unapolainika tu, kwa sababu kuvu ametangulia mbele kwa nyuzi zisizoonekana. Kata shibiri moja zaidi, ndani ya mti mzima. Kiungo cha ubao mpya kikae juu ya taruma, kisiwe hewani. Toboa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Tumia misumari iliyopakwa zinki, na chini ya kichwa cha kila msumari zungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta. Usichanganye misumari ya shaba na ya chuma mahali pamoja, maana katika maji ya chumvi ile ya chuma italiwa upesi. Wala usidhani kwamba misumari mingi ndiyo nguvu. Mitepe ya zamani ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, na ilisafiri.

KALAFATI

Kalafati ni pamba inayozibia nafasi kati ya mbao. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena wanakosea kwa bidii.

Toa kalafati yote ya zamani. Usitie mpya juu ya ile iliyooza. Sokota pamba iwe kamba, nene kidogo kuliko nafasi yenyewe. Ichovye katika mafuta ya nazi au sifa. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Harufu yake ni kali, na nguo ya kazi hiyo usiende nayo harusini. Sukuma pamba ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Patasi kali itaikata.

Sasa kosa lenyewe. Fundi mgeni wa kazi hii hupiga kwa nguvu zake zote mpaka pamba iwe ngumu kama jiwe. Anadhani amefanya vizuri. Lakini mbao ni kavu sasa, zimepungua. Zikirudi majini zitavimba na kutafuta nafasi, na nafasi haipo. Basi zitasukumana mpaka ziachane na mataruma, na misumari ing'oke. Mashua inafunguka baharini, watu wakiwamo. Kwa hiyo piga pamba ikae imara, isitoke ukiivuta kwa kidole, kisha uache. Maji yatamaliza kazi.

Baadaye pakeni deheni sehemu yote inayokaa majini. Deheni ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa. Hufunika mti, na mdudu hapati mahali pa kuingilia. Jihadharini na macho, chokaa huunguza. Deheni huisha, kwa hiyo hupakwa upya kila baada ya miezi michache. Sehemu ya juu pakeni sifa, ili jua lisipasue mbao. Tanga likunjwe likiwa kavu, na kamba iliyochakaa ikatwe, isifungwe fundo.

KUIRUDISHA MAJINI

Bamvua ikirudi, shusheni mashua siku ya kwanza ya maji makubwa. Msingoje siku ya mwisho. Ifungeni pale pale karibu, kwenye maji mafupi, bila mzigo. Mtu mmoja alale pwani.

Itavuja. Mbao bado hazijavimba. Fueni maji na mwandike hesabu katika daftari: siku ya kwanza upo ngapi, siku ya pili ngapi, siku ya tatu ngapi. Hesabu ikishuka kila siku, subirini, msiiguse. Ikibaki pale pale mpaka siku ya tatu, tafuteni maji yanaingia wapi kwa kutazama ndani, kisha ipandisheni jioni hiyo hiyo maji yanapojaa. Bamvua haijaisha, na bahari bado itawasaidia kuifikisha juu.